Tufani ya 1872 na Kilimo cha Pwani: Unguja, Mrima na Pemba

UTANGULIZI

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa iliyotoka katika Bahari ya Hindi ilikipiga kisiwa cha Unguja pamoja na sehemu ya Mrima inayokabiliana nacho. Katika vitabu vya historia ya Afrika ya Mashariki tukio hili hutajwa mara nyingi, lakini hutajwa kwa ufupi mno: kwamba merikebu za Seyyid Barghash bin Said zilivunjika bandarini, kwamba mikarafuu ya Unguja iling'oka, na kwamba tangu hapo kisiwa cha karafuu kikawa ni Pemba. Maelezo hayo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba yanaufanya upepo kuwa mtendaji wa pekee, na watu kuwa watendwa tu, kana kwamba miti ilihama yenyewe kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tufani iliangusha miti, lakini haikuamua nani apande tena, apande wapi, kwa fedha za nani na kwa mikono ya nani. Mambo hayo manne yaliamuliwa na umiliki wa ardhi, na deni, na utumwa, na siasa ya dola za kigeni. Na yote hayo yalikuwapo kabla ya siku ile ya Aprili. Kwa hiyo, maafa ya 1872 hayawezi kueleweka kwa kuutazama upepo peke yake. Yapasa kwanza kuitazama jamii ambayo upepo huo uliikuta.

MASHAMBA YA KARAFUU KABLA YA TUFANI

Mkarafuu si mti wa asili wa Afrika ya Mashariki. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliuhodhi kwa muda mrefu. Wafaransa waliufikisha katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi katika karne ya 18, na kutoka huko mbegu zikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Katika utawala wa Seyyid Said bin Sultan mti huu ulienea kwa kasi katika nusu ya magharibi ya kisiwa, yenye udongo mzuri na mvua ya kutosha. Wahadimu waliokuwa wakikaa na kulima katika sehemu hizo walisukumwa kidogo kidogo kuelekea mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawemawe ambako muhogo na mtama huota, lakini mkarafuu haustawi.

Shamba la karafuu lilihitaji kazi ya aina tatu. Kazi ya kwanza ilikuwa kufyeka na kupanda; ya pili kupalilia mwaka hata mwaka ili mti mchanga usisongwe na magugu; na ya tatu kuchuma. Karafuu ni tumba la ua lisilofunguka bado. Likiachwa likafunguka, thamani yake hupungua sana. Kwa hiyo uchumaji haungoji: miti hukwewa kwa mkono, matumba hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Kazi hii yote ilifanywa zaidi na watumwa. Kwa desturi iliyokuwa imejengeka Unguja, mtumwa wa shamba alifanya kazi ya bwana wake siku tano, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, akajilimia mwenyewe chakula katika kipande cha ardhi alichopewa.

Yafaa kukumbuka kwamba kufikia katikati ya karne neema ya karafuu ilikwisha kupungua. Mikarafuu ilipandwa kwa wingi na watu wengi kwa wakati mmoja, ikazaa kwa wakati mmoja, na soko likajaa. Bei ya frasila ikaanguka ikawa sehemu ndogo tu ya ile waliyoipata wapandaji wa mwanzo. Wenye mashamba, waliokuwa wamezoea maisha ya fahari, wakaanza kukopa. Wakopeshaji wao walikuwa hasa wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini. Kwa kuwa riba ni haramu katika sheria ya Kiislamu, mikopo mingi ilivikwa vazi la bei ya khiyari: mwenye shamba alimwuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti la kuwa na haki ya kulikomboa, kisha akaendelea kulitumia kwa kulilipia kodi. Kwa jina ilikuwa biashara ya kuuza na kukodisha. Kwa hakika ilikuwa rehani.

Zipo sababu mbili zilizoufanya mfumo huu kuwa dhaifu mbele ya maafa yoyote. Kwanza, thamani ya shamba haikuwa katika udongo bali katika miti. Katika desturi ya visiwani miti yaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na shamba lilikadiriwa kwa idadi ya mikarafuu na minazi iliyomo. Miti ikianguka, dhamana ya deni nayo imeanguka, ilhali deni lenyewe limesimama palepale. Pili, mkopeshaji wa Kihindi aliyehesabiwa kuwa raia wa Kiingereza hakuruhusiwa kumiliki watumwa, hasa baada ya Balozi Rigby kuwaachisha huru watumwa wa raia hao mwaka 1860. Kwa hivyo hakuwa na hamu ya kulichukua shamba na kuliendesha mwenyewe. Alipendelea mwenye shamba abaki shambani, watumwa wabaki wake, na mavuno yapitie mikononi mwa mkopeshaji.

Juu ya hayo yote kukaja kipindupindu. Maradhi hayo yalifika pwani mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870, yakaua maelfu ya watu mjini na mashambani. James Christie, tabibu aliyekuwapo Unguja wakati huo, aliyafuatilia maradhi hayo njia kwa njia, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu yake. Mwezi wa Oktoba 1870 Seyyid Majid akafariki, na nduguye Barghash akashika utawala. Basi tufani ilipofika ilikuta kisiwa chenye mashamba yaliyowekwa rehani, nguvukazi iliyopunguzwa na maradhi, na mtawala ambaye hajatimiza miaka miwili katika kiti.

SIKU YA TUFANI

Wakulima na mabaharia wa pwani huugawa mwaka kwa pepo zake. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka na kuleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuvirudisha. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha mageuko, kiitwacho tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo, na ndicho kipindi ambacho masika huanza. Mwezi wa Aprili umo katika kipindi hicho. Ni wakati ambapo nahodha anangojea upepo wa kurudia kwao, na mkulima amekwisha kupanda na anangojea mvua. Tufani ilifika katikati ya kungojea huko.

Tufani za aina hii ni nadra sana katika pwani ya Waswahili. Upepo wa kimbunga huhitaji msaada wa mzunguko wa dunia ili ujiviringe, na msaada huo hupungua kadiri mtu anavyokaribia ikweta. Unguja iko kwenye latitudo ya nyuzi sita hivi kusini, na vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini huelekea Bukini, Msumbiji na visiwa vya Maskarini. Kwa hiyo hapakuwa na mazoea. Nyumba za udongo na makuti, mikarafuu yenye mizizi isiyokwenda chini sana, na majahazi yaliyotia nanga mbele ya mji, vyote vilikuwa vimewekwa kwa kutegemea bahari iliyozoeleka.

Bandarini karibu kila chombo kilisukumwa ufuoni au kuzama, zikiwamo merikebu za Barghash zilizokuwa ndizo nguvu yake ya baharini. Meli ya moshi Abydos, iliyokuwa imefika mwezi uliotangulia na ujumbe wa Waingereza waliokuja kumtafuta David Livingstone, ilisalimika. Mashambani hasara ilikuwa kubwa zaidi, kwani haikuweza kurekebishwa kwa mafundi. Kadirio linalokubaliwa na wanahistoria wengi ni kwamba takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangamia. Ng'ambo, huko Bagamoyo, majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi yao mahali hapo mwaka 1868, yaliangushwa, nao wakalazimika kujenga upya.

Pemba, iliyoko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Unguja, haikupatwa na kiini cha tufani. Mikarafuu yake michache ilibaki imesimama.

MAFURIKO YA MRIMA

Historia ya tufani hii imeandikwa zaidi kama historia ya visiwa. Hata hivyo, maji yaliyoandamana na masika ya mwaka ule yaliharibu bara pia, na ushahidi wake umo katika maelezo ya msafiri Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kukutana na Livingstone. Mwishoni mwa Aprili 1872, wiki mbili baada ya tufani, msafara wake ulipita katika bonde la Mkata lililojaa maji, kisha ukafika Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, mahali palipo Morogoro ya leo. Mwaka uliotangulia Stanley alikuwa ameusifu mji huo kwa ukuta wake. Safari hii alikuta kwamba mto Ngerengere umefurika na kuuchukua ukuta wa upande mzima wa mbele pamoja na nyumba zipatazo hamsini, na kwamba vijiji vya Waluguru vilivyokuwa kandokando ya bonde vimeharibiwa vibaya.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya jiografia ya maji. Ngerengere humwaga maji yake katika mto Ruvu, na Ruvu, ambao sehemu yake ya chini iliitwa Kingani, huingia baharini karibu na Bagamoyo. Maji yanayoshuka Uluguru hupita katika mabonde yanayolimwa mpunga na mahindi hadi pwani. Kwa hiyo eneo moja la kilimo lilipigwa kwa namna mbili katika mwezi mmoja: mwambao kwa upepo, na mabonde ya nyuma yake kwa maji.

Hapa yafaa kutofautisha mazao. Mpunga au mtama uliochukuliwa na maji ni njaa ya msimu, na njaa ya msimu yaweza kuua. Lakini mkulima akinusurika, akapata mbegu, atavuna mwaka ujao. Muhogo humchukua mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mkarafuu na mnazi ni vitu vingine. Mkarafuu hauanzi kuzaa kabla ya mwaka wa sita au wa saba, na hukawia zaidi kabla ya kufikia uzazi wake kamili. Kwa tabia ya mazao yenyewe, wakulima wa chakula waliumia kwa ukali lakini kwa muda mfupi, na uchumi wa miti ya kudumu uliumia kwa kizazi. Jamii iliyokuwa imefungwa na zao moja, tena zao la kuuzwa ng'ambo, ndiyo iliyokuwa na njia ndefu zaidi ya kurudi.

KARAFUU KUHAMIA PEMBA

Kupungua kwa karafuu za Unguja kulipandisha bei. Yule aliyekuwa na mikarafuu iliyosimama mwaka 1872 aliona neema ambayo baba yake hakuiona kwa miaka mingi, na mikarafuu iliyosimama ilikuwa Pemba. Bei hiyo nzuri iliwavuta watu kufyeka na kupanda huko, baadhi yao wakiwa ni wenye mashamba wa Unguja waliotafuta mahali pa kuanza upya.

Lakini swali lililo muhimu ni kwa nini hawakupanda upya Unguja kwa wingi uleule. Udongo wa Unguja ulikuwa uleule, na mji wa biashara ulikuwa karibu. Jibu halimo katika upepo. Shamba la Unguja lilikuwa limebeba deni la zamani. Kupanda upya kulihitaji deni jipya juu ya lile, kwa dhamana ya miti ambayo haipo, na kwa kungojea miaka saba bila mapato. Pemba ardhi ilikuwa haijalemewa na madeni ya namna hiyo, mvua ilikuwa nyingi zaidi, na vilima vyake vyenye rutuba vilikuwa vingi bado havijapandwa mikarafuu. Mwenye fedha kidogo, au mwenye kuaminiwa na mkopeshaji, aliona ni nafuu kuanza mahali papya kuliko kuokoa mahali pa kale. Tufani ilifungua njia, na hesabu ya deni ikaamua njia hiyo ielekee wapi.

Umiliki nao ulichukua sura nyingine. Unguja ilikuwa imegawanyika wazi: mashamba makubwa magharibi, Wahadimu mashariki. Pemba mgawanyiko huo haukuwa mkali. Wapemba wenyewe walipanda mikarafuu kando ya Waarabu waliohamia, na mashamba madogo yakachanganyika na makubwa katika bonde moja. Ndiyo maana historia ya ardhi ya Pemba katika karne iliyofuata haifanani kabisa na ya Unguja.

Mabadiliko haya yalikuwa na gharama ambayo haionekani katika orodha za forodha. Waarabu waliiita Pemba kisiwa cha kijani, na tangu zama za Wareno ilijulikana kwa mpunga na mifugo. Mombasa ililishwa kwa muda mrefu na vyakula vya Pemba. Kadiri mikarafuu ilivyoenea, ndivyo ardhi na mikono ya kulima chakula ilivyopungua, na kisiwa kilichokuwa kikilisha wengine kikaanza kutegemea mchele wa kununuliwa, kama ilivyokuwa tayari kwa Unguja. Hivyo somo la 1872 lingeweza kuwa kwamba ni hatari kutegemea zao moja. Somo lililofuatwa lilikuwa kulipanda zao lilelile katika kisiwa cha pili.

MIKONO ILIYOPANDA UPYA

Kupanda mikarafuu Pemba kulihitaji watu, na mwaka 1872 watu waliohitajiwa walikuwa watumwa. Katika miaka ya 1860 watumwa karibu 20,000 kwa mwaka walikuwa wakipitia bandari ya Kilwa, wengi wao wakiwa wametolewa katika nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa. Katika lugha ya pwani mgeni wa namna hiyo aliitwa mjinga, yaani mtu asiyejua bado lugha na desturi za mwambao, tofauti na mzalia, aliyezaliwa katika utumwa pwani. Mashamba mapya ya Pemba yalijengwa kwa kiasi kikubwa kwa migongo ya wajinga.

Wakati huohuo shinikizo la Waingereza la kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari lilikuwa limefikia kilele. Sir Bartle Frere aliwasili Unguja Januari 1873 na rasimu ya mkataba. Barghash alikataa mwanzoni, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa tufani: kwamba mashamba yameharibika, kwamba watu wake wamefilisika, na kwamba kuwanyima wafanyakazi katika hali hiyo ni kuwamaliza kabisa. Waingereza waliitazama hali hiyohiyo kwa namna nyingine, yaani kwamba mtawala aliyepoteza merikebu zake na mapato ya wakuu wake hana nguvu ya kushindana. Chini ya tishio la manowari, mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, kwa upande wa Waingereza na Balozi John Kirk. Soko la watumwa la mjini likafungwa.

Hapa ndipo tufani na mkataba vinapokutana kwa namna ya kusikitisha. Tufani ilikuwa imezidisha mahitaji ya watumwa Pemba. Mkataba ulifunga njia ya bahari. Biashara ikahamia nchi kavu. Misafara iliyokuwa ikipakiwa majahazini Kilwa sasa ilitembezwa kwa miguu kuelekea kaskazini, nyuma ya mwambao wa Mrima, hadi pande za Pangani, na kutoka hapo watu wakavushwa usiku kwenda Pemba katika vyombo vidogo. Mwendo huo ulikuwa wa mamia ya kilomita, na uliwaua wengi njiani. Barghash alitoa amri za kupiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Manowari London, iliyowekwa Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, ilituma mashua zake kupiga doria, na ni katika bahari ya Pemba kwamba kapteni wake, Brownrigg, aliuawa Desemba 1881 katika mapambano na jahazi la watumwa.

Basi mtu akisema kwamba Pemba iliokoa uchumi wa karafuu baada ya tufani, asema kweli, ila ameacha kusema nani alilipa. Miti iliyopandwa baada ya 1872 ilianza kuzaa mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuendelea. Karafuu zikawa nyingi tena, bei ikashuka tena, na wenye mashamba wakarudi kwa wakopeshaji walewale. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Zanzibar hadi mwaka 1897. Kwa miaka 25, kwa hiyo, hasara ya siku moja ilifidiwa kwa kazi ya watu ambao hawakuwa wamepoteza mkarafuu hata mmoja, kwa sababu hawakuwa na wao.

TUFANI NA GHARIKA: USHAHIDI WA LUGHA

Kwa wanafunzi wa lugha, maneno yenyewe yanastahili kuangaliwa. Neno tufani limetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ya msingi ni maji makuu yanayofunika nchi. Ndilo neno linalotumika katika Kurani kwa maafa yaliyowapata watu wa Nabii Nuhu. Katika Kiswahili maana imehama: tufani ni dhoruba kali, hasa ya baharini, na anayelitamka neno hilo huwaza kwanza upepo na mawimbi. Nafasi ya maji makuu imechukuliwa na gharika, neno la mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzama. Si ajabu kwamba watu wa baharini walilivuta neno la kwanza kuelekea kile walichokiogopa zaidi.

Mgawanyo huo wa maana unafaa kulieleza tukio la 1872 kuliko istilahi yoyote ya kigeni, kwani visiwa vilipata tufani na bara likapata gharika. Hali kadhalika, jozi ya mjinga na mzalia inaonyesha kwamba lugha huhifadhi kile ambacho orodha hazikukihifadhi. Maandishi ya mabalozi na wamisheni yanaeleza kwa kirefu juu ya merikebu, majengo na miti, maana hivyo vilikuwa na wenyewe waliojulikana na bei iliyojulikana. Leo neno mjinga limebaki na maana ya mtu asiye na maarifa, na wengi hulitumia bila kujua kwamba palikuwa na wakati ambapo lilikuwa jina la mtu aliyefikishwa tu pwani kwa nguvu na kupelekwa shambani. Historia ya neno hilo ni sehemu ya historia ya karafuu.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba tufani ya 1872 haikuanzisha udhaifu wa kilimo cha pwani, bali iliufichua na kuuharakisha. Kama karafuu zisingekuwa zao la pekee la kutegemewa, kama mashamba yasingekuwa rehani, na kama nguvukazi isingekuwa ya kununuliwa, upepo uleule ungeacha historia nyingine. Suala la nani mwenye ardhi na nani mwenye kuilima halikupata jibu katika karne hiyo. Lilizuka tena kwa nguvu katika Mapinduzi ya Januari 1964, na ugawaji wa eka tatu tatu uliofuata ulikuwa jaribio la kulijibu.

Upungufu wa tufani katika pwani hii usiwafanye watu kudhani kwamba jambo hilo limepita. Lindi ilipigwa mwezi wa Aprili 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na mwambao wa Tanzania, katika masika yaleyale ambayo siku chache kabla yake yaliifurisha Nairobi. Mji huo uko mbali na bahari, na hauna mkarafuu. Lakini walioathirika zaidi huko walikuwa wakazi wa kandokando ya mito, kama wale wa Mathare, ambao baada ya maji kupungua waliamriwa kuhama na vibanda vyao vikabomolewa. Swali linalofaa kuulizwa Nairobi ndilo linalofaa kuulizwa juu ya Unguja ya 1872. Kasi ya upepo na kina cha maji hupimwa na wataalamu wa hali ya hewa. Kazi ya mwanahistoria ni kuuliza nani alikuwa amewekwa mahali ambapo maafa yangempata kwanza, na nani alitakiwa kuyalipia baadaye.